Shamba la Mazimwi Lililoacha Kuzaa

Je, wajua kwamba bloku moja katika mchezo wa video wa Minecraft ni mita moja kila upande? Anayecheza kwa kujiburudisha huenda asiutilie maanani ukweli huo, lakini ndio uliouwezesha mchezo huu kufanya kazi ya maana Kibera. Mnamo Septemba 2012, kampuni ya Mojang ya Stockholm, iliyoubuni mchezo, ilitangaza mradi wa Block by Block pamoja na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao makuu hapa Nairobi, Gigiri. Nia ilikuwa kuboresha maeneo 300 ya umma duniani kufikia mwaka 2016. Mahali pa kwanza pa majaribio palikuwa Kibera, na kazi ikaelekezwa kwenye uwanja wa michezo wa Silanga.

Utaratibu wa mradi huo ni rahisi kueleza. Wajenzi stadi wa Minecraft huujenga mtaa halisi ndani ya kompyuta, mita kwa mita, kwa kufuata picha na ramani. Kisha wakazi huketi wachache wachache mbele ya kila kompyuta na kuonyesha wanachotaka: njia ipite wapi, taa isimame wapi, ukuta uwe na kimo gani. Mama ambaye hajawahi kuusoma mchoro wa msanifu majengo huweza kusema “hapa” kwa kuweka bloku pale. Miaka 3 kabla ya mradi huo kutangazwa, mwaka 2009, vijana wa Kibera walikuwa wamekwisha kuzunguka vijiji vyao na vifaa vya GPS wakitengeneza Map Kibera, kwa kuwa mtaa wao wote ulikuwa kama pengo tupu kwenye ramani. Kupima mita zako mwenyewe si jambo geni huko.

Mita hizo hizo ndizo zinazowatoa jasho wachezaji wanaojenga mtambo unaopendwa sana katika mchezo huu: shamba la mazimwi.

Shamba hilo ni chumba kikubwa chenye giza, mara nyingi cha ghorofa kadhaa. Mazimwi ya mchezo, yaani zombi, mifupa itembeayo, buibui na Creeper, huzuka sakafuni yenyewe. Maji huyasukuma hadi kwenye shimo, yanaanguka, na mchezaji aliyesimama chini huvuna vilivyobaki: mifupa ya kutengenezea mbolea, nyuzi, mishale, na baruti. Likifanya kazi, shamba moja humwondolea mchezaji usiku mwingi wa kupigana gizani. Shida ni kwamba mengi hayafanyi kazi. Mtu anajenga jioni nzima, anazima mwenge wa mwisho, anasubiri, na hakuna kinachoanguka. Wengi hubomoa na kuanza upya, na shamba la pili hukwama kama la kwanza.

Nasema wazi: mara nyingi ugonjwa hauko ndani ya shamba. Uko nje yake, na kipimo chake huanzia pale mchezaji alipokanyaga.

Tuanze na namna zimwi linavyozuka. Katika toleo la kompyuta, liitwalo Java, dunia hupiga mapigo 20 kila sekunde. Katika kila pigo mchezo hupitia vipande vya ardhi vilivyo karibu na mchezaji, kila kimoja bloku 16 kwa 16, na kupiga kura. Huchagua nukta moja kwenye kipande, kisha huchagua kimo kati ya sakafu ya dunia, iliyo kwenye -64, na bloku ya juu kabisa ya mahali hapo. Kura ikiangukia hewani au ndani ya jiwe, imepotea. Ikiangukia penye sakafu imara, nafasi ya kutosha na giza, kundi la mazimwi hadi 4 linaweza kuzuka. Wanyama wa kawaida kama ng’ombe na kondoo hupigiwa kura mara moja tu kwa mapigo 400, yaani kila sekunde 20. Ndiyo maana nyika za Minecraft hazijai ng’ombe kwa kasi ambayo mapango hujaa zombi.

Kwa hiyo kimo cha shamba kina bei yake. Ukilijenga kwenye kimo cha 200, kura ya kila kipande inagawanywa kwa ngazi zaidi ya 260. Shamba lile lile likiwa karibu na sakafu ya dunia, pasipo kitu juu yake, hupata kura nyingi zaidi kwa kila sakafu. Lakini kuondoa mlima mzima juu ya shamba ni kazi ya wiki, kwa hiyo wengi hupanda juu na kuikubali hasara. Kuna sababu nzuri ya kupanda, nayo nitaifikia.

Giza ni hitilafu ya kwanza ambayo kila mtu huifikiria, na ni kweli sheria zake zimebadilika. Hadi toleo la 1.18 lililotoka tarehe 30 Novemba 2021, zimwi liliweza kuzuka penye mwanga wa kiwango cha 7 au chini yake. Tangu hapo, mwanga wa mienge na taa sharti uwe sufuri kabisa. Mwenge hutoa mwanga wa 14 unaopungua kwa 1 kila bloku, kwa hiyo mwenge mmoja uliosahauliwa kwenye kona huua sakafu umbali wa bloku 13. Shamba la zamani lenye mwanga hafifu uliopenya mlangoni lilizaa vizuri mwaka 2020 na likafa siku ya toleo jipya, ingawa hakuna aliyeligusa. Kagua paa vilevile: tundu moja huingiza mwanga wa jua. Na hakikisha mchezo hauko kwenye hali ya amani, kwa sababu hapo mazimwi hayazuki kabisa.

Giza likiwa sawa na bado hakuna kitu, sasa tazama hesabu.

Mchezaji mmoja huruhusiwa mazimwi 70 kwa wakati mmoja. Idadi hiyo huhesabiwa katika vipande 289, yaani 17 kwa 17, vinavyomzunguka, na haijali zimwi lilizuka wapi. Zombi aliyesimama kimya katika pango lililo mita 60 chini ya shamba lako amechukua nafasi sawa na yule uliyemtaka sakafuni. Ni kama kuingoja matatu ya 46 ya Kawangware katikati ya njia wakati viti vyote vimejaa tangu stendi ya mjini: gari ni zima, dereva ni mzuri, na bado hulipandi. Mapango yasiyo na mwanga hujaza zile nafasi 70 na shamba likakosa hata moja. Hii ndiyo hitilafu kubwa kuliko zote, nayo haionekani kwa macho, maana mapango yako chini ya miguu yako.

Mwenye kompyuta anaweza kuithibitisha bila kubahatisha. Abonyeze kitufe cha F3, na kati ya maandishi yatakayojaa kwenye skrini atafute herufi M na namba iliyo mbele yake. Hiyo ni idadi ya mazimwi yaliyohesabiwa. Ikiwa inakaribia 70 na shambani mwake hamna kitu, basi yako kwingine.

Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kushuka na mienge na kuyaangaza mapango yote. Ya pili ni kutumia sheria ya umbali. Zimwi halizuki likiwa chini ya bloku 24 kutoka kwa mchezaji, na lililo zaidi ya bloku 128 hufutwa papo hapo. Uso wa bahari uko karibu na kimo cha 63. Ukijenga juu ya bahari na kusimama kwenye kimo cha 192 au zaidi, kila kitu kilicho chini ya maji kiko nje ya bloku 128, na nafasi zote 70 zinabaki kwa shamba lako. Hiyo ndiyo sababu nzuri ya kupanda niliyoitaja. Kumbuka tu kwamba sheria hiyo inakuhusu na wewe pia. Ukienda nyumbani kupika na kulala, shamba limesimama. Ukikaa juu ya paa lake, bloku 5 kutoka sakafuni, umelizima kwa uwepo wako.

Wachezaji wa Kibera na Kawangware wana la ziada, na ningependa walisome kwa makini. Mtoto wa Gatina au Laini Saba anayecheza kwa simu ya mzazi hatumii Java. Simu hutumia toleo liitwalo Bedrock, na sheria zake za kuzuka ni tofauti. Kuna mpangilio unaoamua vipande vingapi vya dunia viwe hai kumzunguka mchezaji, na simu ya bei nafuu huwekwa kwenye kiwango cha chini kabisa, ambacho ni 4. Katika kiwango hicho mazimwi huzuka kati ya bloku 24 na 44 pekee; kupita 44 yanafutwa. Unabaki na ukanda wa bloku 20 tu. Sasa fikiria mtoto anayefuata video iliyorekodiwa kwenye kompyuta, akaambiwa asimame bloku 100 kutoka kwenye sakafu. Amejenga sawasawa, hakukosea bloku hata moja, na shamba lake halitatoa hata mfupa mmoja. Simu haina F3 ya kumwonyesha sababu. Ninaumia ninapofikiria ni watoto wangapi wamejiona hawajui kujenga kwa ajili ya jambo hili, wakati dawa ni kusogea karibu.

Lipo tatizo jingine la umbali ambalo huwadanganya hata wazoefu. Mazimwi yamejaa sakafuni, unayaona kwa macho, lakini hayashuki. Katika Java, zimwi lililo zaidi ya bloku 32 kutoka kwa mchezaji huacha kuzurura. Shamba linalotegemea mazimwi kutembea yenyewe hadi ukingoni na kuanguka halifai kwa mtu aliyesimama mbali. Ama asogee, ama aweke maji ya kuyasukuma. Maji nayo hutiririka bloku 7 tu kutoka kwenye chanzo, hivyo sakafu ndefu kuliko hapo hubaki na ukingo mkavu. Buibui ni kero nyingine, kwani hupanda kuta na kuziba mifereji. Kwa kuwa ana mwili mpana, hahitaji kuuawa, anahitaji kunyimwa uwanja: weka vizuizi ili sakafuni pasibaki popote nafasi wazi ya bloku 3 kwa 3, naye hatazuka. Na mazimwi yanayosubiri chini ya shimo bila kuuawa yanahesabiwa pia. Yakifika 70 hapo, umejizibia mwenyewe.

Hata Creeper, anayetoa baruti, ni mtoto wa kosa la vipimo. Markus Persson, mbunifu wa mchezo, alikuwa akimtengeneza nguruwe, akabadilishana urefu wa mwili na kimo chake. Kikatokea kiumbe aliyesimama wima, naye akambakiza.

Mwisho kuna kipimo cha kuanguka, ambacho mimi nakiona kizuri kuliko vyote. Zombi ana nukta 20 za uhai. Kila bloku anayoanguka baada ya 3 za mwanzo humpunguzia nukta 1. Akianguka bloku 23 anakufa, na vitu vyake vinabaki, lakini mchezaji hapati pointi za uzoefu kwa sababu si yeye aliyemuua. Akianguka bloku 22 anabaki na nukta moja, na ngumi moja au mbili zinatosha kumaliza kazi na kuleta pointi. Tofauti ya mita moja kwenye shimo huamua shamba ni la kuvuna mali au la kuvuna uzoefu.

Basi ndugu msomaji, kama mwanao au mdogo wako ana shamba lililokwama, usimwache alibomoe. Mwulize kwanza anacheza kwa simu au kwa kompyuta. Kisha mwambie ahesabu bloku kutoka anaposimama hadi sakafu ya shamba, akague mwenge uliosahauliwa, na ashuke mapangoni na mienge ya kutosha.