Je, Wajua? Mwanamaji aliyevua sare anaweza kuwa mkimbizi

Je, wajua kwamba mwanamaji wa jeshi anaweza kupata hifadhi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, mbali kabisa na bahari? Wanamaji hawako baharini tu: Kongo ina wanamaji katika Ziwa Tanganyika, na Burundi, isiyo na pwani, nayo ina kikosi chake humo. Wapo watakaosema askari si mkimbizi. Ni kweli kwa anayeendelea kupigana. Lakini aliyeacha jeshi kwa dhati na kwa kudumu ni raia, na ombi lake husikilizwa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 humruhusu mkimbizi kufanya kazi na kusafiri, hivyo mwanamaji huyo wa zamani anaweza kuwatafutia wanawe riziki hadi mjini Mbarara. Tumpime kwa maisha anayoishi leo, si kwa sare aliyoivua.