Upigaji picha wa kipunji

Upigaji picha wa kipunji ni kazi ya kumpiga picha kipunji (jina la kisayansi: Rungwecebus kipunji), kima adimu wa misitu ya milima ya kusini mwa Tanzania, katika mazingira yake ya asili. Kazi hii ina nafasi ya pekee katika elimu ya wanyama, kwa sababu spishi hii ilielezwa na kupewa jina la kisayansi mwaka 2005 kwa kutegemea picha, bila mnyama yeyote kuuawa.

Mnyama na makazi yake

Kipunji ana manyoya marefu ya rangi ya kahawia-kijivu, uso mweusi, ndevu ndefu za mashavuni na kishungi cha nywele kinachosimama kichwani. Tumbo na ncha ya mkia ni nyeupe iliyofifia. Hukaa juu ya miti kwa makundi, na hula majani, matunda, maua, maganda ya miti na wadudu. Sauti yake kubwa ya kipekee, ambayo ni kama mlio wa honi uliochanganyika na kubweka, humtofautisha na mangabi wengine.

Anapatikana katika maeneo mawili tu duniani: misitu ya Mlima Rungwe na Livingstone (pamoja na sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo), na msitu wa Ndundulu katika milima ya Udzungwa. Kati ya maeneo hayo kuna umbali wa takriban km 350.

Historia

Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua mnyama huyu tangu zamani, na jina "kipunji" ni lao. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Rungwe chini ya Tim Davenport walisikia habari zake kwa wenyeji. Mwanzoni haikuwa rahisi kujua kama masimulizi hayo yalihusu mnyama wa kweli au wa hadithi, kwa kuwa kipunji ni mwoga na msitu ni mzito. Mwaka huohuo walimwona kwa macho yao. Mwaka 2004 kundi jingine la watafiti, akiwemo Trevor Jones, lilimwona Ndundulu bila kujua habari za Rungwe. Makundi hayo mawili yaliandika pamoja maelezo ya kwanza, yaliyotolewa mwaka 2005 katika jarida la Science.

Kwa desturi, spishi mpya huelezwa kwa kutumia mzoga au ngozi na fuvu vinavyohifadhiwa katika jumba la makumbusho, ili wataalamu wengine waweze kuhakikisha. Watafiti wa kipunji waliona idadi yake ni ndogo mno kiasi cha kutoruhusu kumuua hata mmoja. Badala yake walimteua dume aliyeonekana katika picha kuwa kielelezo cha spishi. Baadhi ya wataalamu walipinga, wakisema picha haiwezi kupimwa mifupa wala kutoa chembe za urithi. Wengine walijibu kwamba kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazikatazi jambo hilo, maana kielelezo ni mnyama mwenyewe aliyepigwa picha, si karatasi.

Hoja zote mbili zilionekana kuwa na uzito muda mfupi baadaye. Kipunji mchanga alikufa katika mtego wa mkulima karibu na Mlima Rungwe, na mwili wake ukachunguzwa. Picha zilimweka katika jenasi Lophocebus ya mangabi, lakini chembe za urithi zilionyesha kwamba yuko karibu zaidi na nyani. Hivyo mwaka 2006 aliundiwa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, iliyoitwa kwa jina la mlima. Picha ilitosha kuthibitisha kwamba mnyama yupo, ila haikutosha kueleza ukoo wake.

Namna ya kumpiga picha

Ugumu wa kwanza ni mwanga. Chini ya miti mirefu mna giza hata mchana, na ukungu hushuka mara kwa mara. Kamera inahitaji lenzi ndefu inayopitisha mwanga mwingi, pamoja na fimbo au stendi ya kuituliza.

Ugumu wa pili ni anga. Mnyama mwenye uso mweusi anayetazamwa kutoka chini, nyuma yake pakiwa na mawingu meupe, hutokea kama kivuli kitupu kamera ikiachwa ijipimie mwanga yenyewe. Mpiga picha huongeza mwanga kwa mkono, au hupanda mteremko ulio mkabala ili awe usawa wa matawi.

Rungwe ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi sana nchini, hivyo miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, hufaa zaidi. Kibali na mwongozaji mwenyeji vinahitajika. Mara nyingi mwongozaji humtambua kipunji kwa sauti kabla hajaonekana.

Uhifadhi

Sensa iliyotolewa mwaka 2008 ilihesabu vipunji 1,117 tu. Hatari zake ni ukataji miti, uchomaji mkaa, uwindaji na mitego ya kulinda mashamba. Kwa sababu hiyo mpiga picha hapaswi kuwarushia chakula, kuwafukuza wala kuwaita kwa sauti zilizorekodiwa. Kima aliyezoea watu hamkimbii mwindaji. Vilevile ni vema kutotangaza mahali hasa picha ilipopigwa, kwani picha iliyomtambulisha kipunji kwa ulimwengu inaweza pia kumwonyesha mwindaji njia ya kumfikia.