Akaunti Nyingi, Mchezaji Mmoja: Msimamizi wa Mchezo Anaona Nini?

Wasimamizi wa michezo ya mtandaoni, yaani watu waliopewa jukumu la kulinda kanuni za mchezo na kuwafungia wanaozivunja, wanaweza kumbaini mchezaji anayeendesha akaunti zaidi ya moja, na mara nyingi humbaini. Lakini wanachokiona ni nyayo za vifaa na mazoea, si mtu mwenyewe, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa mchezaji wa Igawa au Makambako nchini Tanzania.

Alama iliyo rahisi kuliko zote ni anwani ya IP, namba ambayo seva huiona kifaa kinapoifikia kupitia intaneti. Anwani za mfumo wa zamani, ambao bado unatumika sana, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na kwa kuwa hazitoshi, kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mwaka 2012 lilitengwa hata fungu maalumu la anwani kwa ajili ya mpangilio huo. Kwa hiyo vijana wawili wasiojuana, mmoja akiwa Igawa kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na mwingine akiwa Rujewa, wanaweza kuonekana na seva iliyoko Ulaya kana kwamba wametokea mlango mmoja, ilhali mchezaji mmoja anayezima na kuwasha data anaweza kupewa anwani nyingine papo hapo. Msimamizi anayehukumu kwa anwani pekee humwadhibu asiye na kosa na kumkosa mwenye kosa, na huo ni uonevu hata kama haukukusudiwa.

Alama ya pili ni kifaa chenyewe. Tangu toleo la 10 la Android lilipotoka mwaka 2019, programu za kawaida haziruhusiwi kusoma IMEI, namba ya utambulisho ya simu, hivyo michezo mingi hukisia kwa kuunganisha aina ya simu, ukubwa wa kioo, lugha iliyochaguliwa na mengineyo. Makisio hayo hulegea pale ambapo simu za bei nafuu za aina moja zimeenea, na pale ambapo simu moja hutumiwa na kaka, dada na mpwa, kila mmoja akiwa na akaunti yake halali.

Kinachobaki kuwa ushahidi mzito ni mwenendo: akaunti mpya inayocheza kwa ustadi wa miaka tangu siku ya kwanza, au mbili ambazo moja hushindwa kila mara ili nyingine ifaidike. Septemba 2023 kampuni ya Valve ilitangaza kuwa imezifungia akaunti 90,000 za mchezo wake wa Dota 2, zilizotumiwa na wachezaji mahiri kuwaonea wanagenzi, na kwamba imezifuatilia hadi kwenye akaunti kuu za wamiliki wake. Panapokuwa na fedha uchunguzi huwa mkali zaidi: mwaka 2007 akaunti iliyoshinda mchuano mkuu wa WCOOP, mashindano ya karata ya mtandaoni yaliyoandaliwa na kampuni ya PokerStars, ilinyang'anywa zaidi ya dola milioni 1.2 baada ya kampuni hiyo kuchunguza ni nani hasa aliyekuwa akiichezea.

Baadhi ya michezo huongeza sharti la namba ya simu, kama Dota 2 ilivyofanya mwaka 2017 kwa mechi za kupanda daraja. Nchini Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), utaratibu ambao siku yake ya mwisho ilisogezwa hadi 20 Januari 2020, na mwananchi anaweza kupiga *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa jina lake. Hata hivyo, kampuni ya mchezo iliyoko ng'ambo haioni daftari la usajili huo. Inajua tu kwamba namba inapokea ujumbe.

Utaratibu wa Twitch, jukwaa la kurusha michezo mubashara, unastahili kuigwa: chombo chake cha mwaka 2021 humtaja mtu anayeshukiwa kurudi kwa akaunti nyingine baada ya kufungiwa, kikipima uzito wa shaka, kisha huacha uamuzi kwa msimamizi. Mchezaji aliyefungiwa kwa makosa naye asikae kimya, kwani akitoa tarehe na saa ambazo yeye na nduguye walicheza kwa wakati mmoja katika mechi tofauti, msimamizi anaweza kuzilinganisha na kumbukumbu za seva.