Njiwa wa Bahir Dar na Injini Mbili Zilizozimika Pamoja

Ndege ya abiria yenye injini mbili hairuhusiwi kubeba watu mpaka ithibitike kwamba, injini moja ikizimika wakati wa kuruka, ile iliyobaki inatosha kuinyanyua na kuirudisha salama. Kabla ya kila safari marubani hukokotoa kasi ya uamuzi, yaani kasi ambayo kabla ya kuifikia bado wanaweza kufunga breki na kusimama, na baada ya kuipita hulazimika kuendelea kuruka hata kama kuna hitilafu, kwa kuwa njia iliyobaki mbele yao haitoshi tena kusimama. Utaratibu huu umeokoa maisha ya watu wengi, lakini umesimama juu ya dhana moja ambayo msafiri haioni: kwamba kinachoiua injini ya kushoto hakitaiua ya kulia katika dakika zilezile.

Dhana hiyo ilivunjika nchini Ethiopia tarehe 15 Septemba 1988. Boeing 737-200 ya Shirika la Ndege la Ethiopia, safari namba 604, iliyokuwa na watu 104, ilikuwa ikiondoka Bahir Dar kuelekea Asmara ilipoingia katikati ya kundi la njiwa wa spishi ya Columba guinea, ambao hupatikana pia kaskazini mwa Tanzania na ambao uzito wa mmoja wao haufikii nusu kilo. Injini zote mbili zilianza kutoa vishindo. Marubani walifaulu kupaa na kugeuza ndege ili warudi uwanjani, lakini zote zikazimika kabla hawajafika, nao wakalazimika kutua kwa tumbo, magurudumu yakiwa hayajashushwa, katika eneo la wazi. Ndege iliwaka moto, na watu 35 wakafariki.

Kinachomwezesha kiumbe mdogo kiasi hicho kuangusha mashine ya tani nyingi ni jinsi injini ya jeti inavyopumua. Hewa huvutwa na mapanga ya mbele, ikashindiliwa na kompresa, yaani safu za mapanga madogo yanayozunguka kwa kasi kubwa mno, kisha ikachanganywa na mafuta na kuwashwa, na gesi ya moto inayotoka huzungusha tabaini, yaani mapanga ya nyuma ya injini, ambayo ndiyo inayoiendesha kompresa yenyewe. Panga moja likipinda kwa kugongwa na njiwa, mtiririko wa hewa huvurugika, hewa iliyoshindiliwa hurudi mbele kwa kishindo, joto hupanda, na vipande vinavyovunjika huharibu safu zinazofuata. Isitoshe, Bahir Dar iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini hata zikiwa nzima hutoa nguvu pungufu.

Wachunguzi walihitimisha kwamba ndege haikuweza kurudishwa salama uwanjani kwa sababu sehemu za ndani za injini zote mbili zilikuwa zimeharibiwa na njiwa waliofyonzwa wakati wa kuruka. Kwa mujibu wa Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago kuhusu usafiri wa anga wa kimataifa, uchunguzi wa namna hii huongozwa na nchi ilikotokea ajali, na lengo lake ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafutia mtu lawama. Kuitambua spishi ya ndege aliyegongwa ni kazi ya kisayansi inayostahili heshima kubwa kuliko inayopewa: ilianzishwa na Roxie Laybourne wa taasisi ya Smithsonian, ambaye baada ya ajali ya ndege ya abiria mjini Boston, Marekani, ya mwaka 1960, iliyoua watu 62, alitambua kwa mabaki ya manyoya kwamba waliofyonzwa walikuwa kwezi. Jina la spishi likijulikana, hujulikana pia ndege huyo anakula nini, analala wapi na huruka saa ngapi.

Maarifa hayo yana uzito wake hata kwa msafiri wa Chitete au Tunduma nchini Tanzania anayepandia ndege katika Uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012 mkoani Mbeya, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, katika nyanda zinazolimwa nafaka. Viwango vya sasa hudai kwamba injini iliyofyonza ndege wa ukubwa wa kati wanaoruka kwa makundi iendelee kutoa angalau asilimia 75 ya nguvu yake, lakini hakuna jaribio la kiwandani linaloweza kuhakikisha kundi litakuwa dogo. Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga hushauri majalala na vivutio vingine vya ndege vichunguzwe katika mduara wa kilomita 13 kuuzunguka uwanja, mbali kabisa na uzio wake.