Ukuta wa Mawe na Njia ya Maji
Wakulima wa Narung'ombe, mjengapo ukuta wa mawe ili udongo wa mteremko usiporomokee njia, jueni ya kuwa adui mkubwa ni maji. Udongo ulioshiba maji huwa mzito na kulegea, na maji yaliyokosa pa kutokea husukuma ukuta hata uanguke.

Basi, chimbeni msingi hata udongo mgumu. Ukuta wa futi 4 uwe na upana wa futi 2 chini, nao uegemee mlimani kidogo. Nyuma yake jazeni kokoto, si udongo wa mfinyanzi. Chini acheni matundu. Juu chimbeni mfereji wa kupeleka maji pembeni penye majani.

Mithali yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta; lakini tundu la maji msilizibe. Njia ikikatika mvua za Desemba, mgonjwa hapiti, wala gunia la korosho halitoki.