Kazi si ajira peke yake

Methali isemayo kwamba njia mbili zilimshinda fisi hukaririwa sana shuleni mwetu. Mwanafunzi apendaye hisabati akionekana pia anatunga mashairi, huambiwa achague moja asije akapasuka msamba kama fisi yule. Methali ni mali ya wahenga na haifai kubezwa. Hata hivyo, ni vyema tukumbuke kisa chenyewe. Fisi hakuangamia kwa kuwa njia zilikuwa mbili, bali kwa kuwa hakujua aendako. Alifuata harufu ya nyama, na harufu ilimjia kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Jambo hili lina uzito wake siku hizi. Mtaala wa umilisi unamtaka mtoto anayeingia sekondari pevu ateue mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi ya jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Uteuzi huo una manufaa yake. Hatari iliyopo ni kwamba mzazi na mwalimu huweza kuuchukulia kama hukumu, kana kwamba mtoto aliyeteua sayansi ameandikiwa talaka na fasihi.

Chanzo kimojawapo cha fikra hiyo kimo katika lugha tuitumiayo. Kiswahili kina neno "kazi" na kina neno "ajira". Hili la pili lina asili ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa "ujira", yaani malipo. Neno "kazi" ni pana zaidi: kulima ni kazi, kulea ni kazi, kutunga utenzi ni kazi. Lakini sikiliza tusemavyo leo: "Fulani hana kazi, analima tu." Au: "Hana kazi, anashona nguo nyumbani." Tumelibana neno pana likatoshea katika bahasha ya mshahara. Matokeo yake ni kwamba kijana anayeulizwa atafanya kazi gani maishani hujibu kwa kutaja mwajiri.

Hebu tutazame watu wawili ambao wanafunzi wetu wa Kiswahili wanawafahamu.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga. Mwaka 1926 aliingia katika idara ya forodha akiwa karani, na kwa zaidi ya miaka 30 aliishi kwa mshahara wa serikali, akihamishwa kutoka idara moja hadi nyingine. Ajira yake ilikuwa ukarani. Kazi yake je? Alipofariki mwaka 1962 alikuwa ameandika vitabu zaidi ya 20: mashairi, insha, riwaya kama vile Kusadikika, habari za maisha yake mwenyewe na wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad. Ukitazama orodha hiyo utadhani ni kazi ya watu watano. Ukiisoma, utaona nia moja inayopita ndani yake kama uzi katika shanga: kuthibitisha kwamba Kiswahili chaweza kubeba fikra yoyote ya mwanadamu, na kwamba utu ndio kipimo cha mtu.

Wa pili ni Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Matondoni, Lamu, aliyefariki mwaka 2017. Alikuwa mshairi, mhifadhi wa tungo za kale, na mbunaji wa istilahi; neno "runinga" ni miongoni mwa yale tuliyopata kwake. Katika Sambo ya Kiwandeo, kilichochapishwa mwaka 1979, alieleza kwa ushairi namna jahazi la Lamu linavyoundwa. Katika Umbuji wa Mnazi aliusimulia mnazi na manufaa yake. Useremala wa vyombo, kilimo, ushairi na isimu vilikutana kwa mtu mmoja, wala havikugombana. Wasomi wa vyuo vikuu, wa hapa na wa Ulaya, walimwendea ili wajifunze.

Wawili hawa wanatufunza mambo matatu. Kwanza, mapenzi mengi yanahitaji shabaha moja. Bila hiyo tunarudi kwa fisi. Pili, kila fani ina ada yake ya kujifunza. Nabhany hakuandika juu ya jahazi kwa kubahatisha. Alijua jina la kila kipande cha ubao. Mwenye kugusagusa kila kitu bila kukijua hastahili kujificha nyuma ya majina ya watu hawa. Tatu, si lazima mtu aitupe ajira ili aifuate kazi. Shaaban Robert alibaki karani, na mshahara ule ulimnunulia wino.

Najua mzazi mwenye karo ya kulipa atasema kwamba shairi halijazi chungu. Kauli hiyo ni ya kweli na hatuna haki ya kuicheka. Lakini ajira tunayowaandalia watoto nayo si imara kama zamani. Kuna walimu waliohitimu ambao wamekaa miaka mingi wakisubiri kuajiriwa. Katika kipindi hicho cha kusubiri, aliye na kazi nyingine mkononi huendelea kuwa mtu wa maana kwake mwenyewe na kwa jirani zake. Aliyefunzwa ajira tu huhisi kwamba hana kitu.

Basi, walimu wenzangu, mwanafunzi akitujia na mapenzi mawili au matatu, tusiharakishe kumwamuru atupe moja. Tumwulize yanakutana wapi. Iwapo hajui, hilo ndilo somo la kumsaidia kulitafuta. Nawe mwanafunzi, teua mkondo wako na uusome kwa bidii, kisha usione haya kuendelea na kile kingine unachokipenda baada ya kengele ya mwisho kulia.