Unajua Kuna Daktari Alipigiwa Simu na Mgonjwa Ako Space?

Si movie. Simu ya hao ililia Marekani, bibi ya daktari akashika, kumbe anayepiga ako kilomita 400 juu ya dunia. Daktari ni Stephan Moll, mtaalamu wa damu kule North Carolina. Mgonjwa ni mwanaanga ambaye jina lake lilifichwa.

Mwanaanga huyo alikuwa amemaliza miezi kama miwili kwa kituo cha anga, hasikii uchungu wowote. Wakati wa utafiti alijipima shingo na mashine ya ultrasound, picha ikaonyesha damu imeganda kwa mshipa. Hapo hakuna kusema uitiwe ambulensi. Dawa ya sindano ilikuwa kidogo, so Moll na madaktari wa NASA wakapiga hesabu ya kuinyoosha hadi roketi ya mizigo ilete vidonge. Matibabu yalichukua siku kama 90, na msee akarudi akiwa fiti. Kesi ilichapishwa 2020.

Hiyo ndiyo kazi ya udaktari wa anga. Mwili bila graviti hukuchezea: damu na maji hupanda kichwani, uso unafura, miguu inakonda kama ya kuku. Mifupa hupoteza kama asilimia 1 kila mwezi, ndio maana wanaanga hupiga gym karibu masaa mawili kila siku.

Wengi wa hawa madaktari hawapandi roketi. Wanakaa Houston, wanabonga na mwanaanga wao kwa siri kila wiki. Lakini wengine huenda. Valeri Polyakov, daktari Mrusi, alikaa juu siku 437 mfululizo, na hakuna amevunja hiyo rekodi. Frank Rubio alienda akijua ni miezi sita, chombo kikavuja, akarudi baada ya siku 371. Manze!

Sasa wewe na ndoto yako. Ukweli mchungu: NASA haichukui mwanaanga asiye raia wa Marekani. Lakini mlango haujafungwa kabisa. Unasoma udaktari kwanza, halafu unaspesholaizi kwa tiba ya anga. Chuo cha udaktari cha Galveston, Texas, kinafundisha hiyo kitu. Hapa Kenya, anza na madaktari walioidhinishwa na KCAA kupima marubani. Sayansi ni ndugu moja: masikio, macho, moyo, oksijeni. Na hao marubani lazima wapimwe, roketi iwepo isiwepo.